Mbwa wa kazi anapokataa kazi: dalili, sababu na cha kufanya

Msimu wa kuwinda fezanti, ndege wa jamii ya kuku, hapa Uingereza hufunguliwa tarehe 1 Oktoba na kufungwa tarehe 1 Februari. Kabla hata wiki mbili hazijaisha, simu yangu imeshaanza. "Kaka, huyu spanieli nimeuziwa kiziwi?" "Shemeji, koli kaingia katikati ya kondoo, sasa mwenye shamba hataki hata salamu yangu." Spanieli ni mbwa wa kutimua na kuokota ndege, koli ni wa kuchunga kondoo. Mimi ni mtu wa Lushoto. Huku kaskazini nachunga kondoo wa watu, na Jumamosi za majira ya baridi huingia kwenye mstari wa watimuaji, wale wanaopita msituni na fimbo kuwarusha ndege kuelekea kwa wenye bunduki. Malalamiko ninayopokea hayazidi kumi, yanabadilisha majina ya mbwa tu.

Nimeyapanga kwa dalili. Sababu iliyozoeleka zaidi inatangulia, ya nadra iko mwisho. Anza na ukaguzi usiogharimu kitu, halafu ndiyo ufikirie mafunzo au dawa.

Na kabla ya kumwita mbwa mkaidi, mpapase mwili mzima, kuanzia masikio hadi ncha ya mkia, na kila nafasi kati ya vidole. Ndugu zangu wa pwani mnaoona tabu kushika mate ya mbwa, mnajua wenyewe kwamba wa kuwinda na wa kuchunga wana ruhusa yao, na mkono huoshwa. Vaa glovu ukipenda, lakini mwiba hauonekani kwa kutazama ukiwa umesimama mlangoni.

Unapuliza filimbi, haji

Kosa kubwa ni letu: wito umechakaa. Watoto wanaita "njoo, njoo, njoo" mara kumi wakicheza, mbwa haji, na hakuna kinachotokea. Baada ya mwezi, neno hilo kwake ni kama kelele za redio. Nyumba zetu zina tatizo la ziada ambalo Waingereza hawalijui. Mbwa wengi hulelewa wakisikia "no" kama katazo, kisha anafika kwetu, tunamwambia "njoo". Sikiliza maneno hayo mawili kwa sikio la mbwa, tena kwenye upepo. Unamwita, yeye anasikia anagombezwa, anasimama palepale akikukodolea macho. Nimeona familia mbili zikimlaumu mnyama kwa jambo hilo. Chagua neno jingine, "hapa" kwa mfano, na nyumba nzima ilifuate.

Sababu ya pili ni kumwadhibu akishafika. Amechelewa dakika tano, umekasirika, anafika, unamchapa. Alichojifunza ni kwamba kuja ni hatari.

Ya tatu ni filimbi yenyewe. Filimbi za mbwa wa kazi zina namba, na kila namba ina mlio wake. Wenye spanieli wengi hutumia 210.5, wenye labrado, mbwa wakubwa wa kuokota ndege, 211.5. Ukinunua mbwa aliyekwisha kufunzwa, uliza namba kabla ya kuuliza chakula chake. Usinunue filimbi ya refa ukadhani filimbi ni filimbi.

Ya nne ni harufu. Spanieli aliyeinamisha pua kwenye njia ya sungura anasikia, ila hayupo nawe. Ya mwisho ni uziwi wa kweli, hasa kwa mbwa mzee aliyekaa miaka mingi pembeni ya bunduki. Kumpima ni rahisi: simama nyuma yake akiwa ametulia, kunjakunja mfuko wa plastiki mahali asipoona. Asipogeuza hata sikio, mpeleke kwa daktari wa wanyama.

Matengenezo ni kamba ya mita kumi na uvumilivu. Kwa wiki mbili usipulize kabisa kama huna uwezo wa kumvuta. Puliza mara moja, mvute taratibu, mpe tonge akifika. Kola ya umeme nakushauri uiache. Huko Welisi ni marufuku tangu 2010, na hata pasipo marufuku nimeona ikizaa mbwa anayeogopa kondoo leo na kesho anaogopa geti.

*Simama hapa:* mbwa asiyekuja asifunguliwe karibu na mifugo hata kwa dakika moja. Sheria ya mwaka 1971 ya England na Welisi inampa mwenye kondoo kinga, kwa masharti maalumu, akimpiga risasi mbwa anayewasumbua wanyama wake. Na kuwinda wanyama wa mwituni kwa mbwa kumekatazwa huko tangu Februari 2005, isipokuwa kwa misamaha michache. Panya na sungura wa kawaida wamo kwenye misamaha, mradi mwenye ardhi ameridhia. Yule sungura mkubwa wa mashambani, mwenye masikio marefu yenye ncha nyeusi, hayumo kwenye msamaha huo. Kumwachia mbwa wako amfukuze huku ukicheka ni kesi.

Bunduki ikilia, keshatoka

Mbwa wa kuokota ndege hukaa, hutazama anapoangukia, husubiri kutumwa. Anayetoka kwa mlio wa bunduki anaharibu siku ya watu wote, tena anaweza kupita mbele ya mtutu.

Karibu kila mara chanzo ni mazoezi ya nyumbani: kila kilichorushwa ameambiwa akakilete. Kwake, kinachoanguka ni chake. Sababu inayofuata ni haraka ya mwenyewe, mbwa wa miezi kumi kupelekwa kwenye msako wenye ndege mia. Halafu kuna yule anayeshika bunduki na mbwa kwa pamoja, macho yake yako angani, na mbwa ameshaligundua hilo.

Rusha mifuko kumi ya mazoezi, saba kaiokote mwenyewe huku yeye amekaa anakutazama. Inachosha, na majirani watakucheka. Akitoka bila ruhusa, usimpigie kelele akiwa njiani. Nenda, mrudishe kwa mkono hadi palepale alipokuwa, anza upya. Ikitokea mara mbili kwenye msako wa kweli, siku yake imeisha, na bunduki yako nayo ibaki nyumbani hadi uwe umemrekebisha.

Kulialia mstarini ni jamaa wa tatizo hili, ila baya zaidi. Asili yake mara nyingi ni damu, wazazi nao walilia, na tabia ikishakomaa haiondoki kirahisi. Kwenye mashindano ya mbwa waokotaji kilio kinakutoa papo hapo. Siku ya kununua kitoto, omba umwone mama yake akiwa amekaa kimya kazini. Ukikataliwa, rudi na pesa zako.

Analeta ndege amepondeka

Tulia kwanza, huenda hana hatia. Ndege aliyepigwa kwa karibu au aliyeanguka juu ya jiwe huvunjika mbavu bila jino kumgusa. Mshike kifuani kwa dole gumba na vidole, pande zote mbili. Upande mmoja umevunjika, huenda ni risasi au kuanguka. Pande zote mbili zimebonyea, na ndege wa pili na wa tatu wako hivyohivyo, sasa tuna mdomo mgumu.

Anayeongoza kwa kusababisha ni mtu anayemnyang'anya. Mbwa anafika, unauvuta ndege, naye anabana. Watoto wanaovutana naye soksi wanafundisha somo lilelile. Baada ya hapo ni mbwa wenzake: akijua mwingine atamwahi, atabana njia nzima. Kuna pia jogoo wa fezanti aliyejeruhiwa, mwenye mwiba mguuni, akimchoma mbwa mdogo usoni, mbwa anajifunza kuua kabla ya kubeba. Vitoto vya miezi minne hadi saba vinabadilisha meno na fizi zinauma, kwa hiyo wakati huo usivipe kazi ya mdomo. Nadra, ni urithi.

Rudi kwenye ndege baridi waliokufa siku hiyo, mmoja mmoja, bila mbwa mwingine uwanjani. Akifika mwache ashike, msifu akiwa bado amebeba, kisha ingiza kiganja chini ya kidevu na ungoje aachie. Kama baada ya msimu mzima bado anaponda, mpe kazi ya kutimua. Anaweza kuwa mtimuaji hodari, na usimzalishe.

Koli anakata kona na kuligawa kundi

Hapa nitakaa zaidi, maana ndiyo kazi yangu. Koli wa mpakani, yaani wa mpaka wa England na Uskoti, wana ukoo unaojulikana. Wengi wao damu yao inarudi kwa dume mmoja, Old Hemp, aliyezaliwa Northumberland mwaka 1893. Mbwa huyo alisifiwa kwa kuchunga kimya kimya, kwa jicho, yaani kwa kuwakazia kondoo macho. Kwa hiyo ukimwona koli wako anabweka na kupasua kundi, jua kuna kitu kimeivuruga silika iliyo imara kuliko mafunzo yako.

Kuna kuvurugwa na mahali unaposimama. Koli kwa asili anatafuta upande wa pili wa kondoo, wewe huku, yeye kule, kundi katikati. Ukitembeatembea ovyo, ile nukta yake inahama kila sekunde naye anapita katikati kuifuata. Jaribu hili kabla ya yote: simama, funga mdomo, hesabu hadi thelathini. Mara nyingi mbwa anajipanga mwenyewe.

Kuna umbali. Mbwa mchanga aliyetumwa mita mia tatu wakati hajaweza hata mita hamsini atanyoosha njia tu. Mrudishe kwenye uwanja mdogo na kondoo watano waliozoea mbwa. Anapoanza kukaza mzunguko, piga hatua kuelekea bega lake, siyo kichwa chake, na fimbo ikiwa chini. Atafungua upana. Akikaidi, mlaze, sogea, mwanzishe tena.

Kuna kuchanganya pande. "Come by" ni kuzunguka kwa mwendo wa mshale wa saa, "away" ni kinyume chake. Nilifundisha amri hizo kwa kichwa cha Kiswahili miezi miwili kabla ya kugundua kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nakosea kila nilipogeuka kutazamana na mbwa. Yeye alikuwa sawa. Kama unataka kutumia "kushoto" na "kulia", tumia, mbwa hana lugha ya taifa. Ila siku ukitaka kumuuza hapa, mnunuzi atamwambia maneno asiyoyajua.

Kuna na kondoo wenyewe. Wakati wa kuzaa, majike wenye watoto hawakimbii. Wanageuka, wanapiga mguu chini, wanamrukia mbwa. Koli aliyepigwa kichwa mara moja na jike la kilo sabini anaweza kurudi akiwa ameng'ata, kwa woga wala si ukali. Usimfundishe mbwa mchanga kwa kondoo wenye watoto. Akishika sufu na kuachia, hilo linatengenezeka. Akitoa damu, mtoe kundini leo, mwambie mwenye kondoo wewe mwenyewe kabla hajaambiwa na mwingine, na tafuta mfunzaji anayekuja kumtazama kwa macho yake.

Koli ameganda, hasogei

Amelala tumbo chini, macho kwa kondoo, ukimwita hata sikio halichezi. Watu husema ana jicho kali mno. Inawezekana, lakini tazama kwanza umemlaza mara ngapi leo. Mbwa anayeambiwa "lie down" kila hatua tatu mwishowe anabaki chini. Mwache atembee, mtumie kondoo wengi wanaosogea badala ya wawili waliosimama, tembea naye bega kwa bega. Mbwa mwenye jicho zito kwa kuzaliwa hutulizwa kwa mwendo.

Akiwa na wasiwasi jioni zaidi kuliko mchana, au akikosa kumwona kondoo aliye pembeni, usifundishe chochote. Koli wana magonjwa ya macho ya kurithi, mpeleke akapimwe.

Mkia umening'inia kama kamba

Jana labrado aliogelea kwenye maji baridi au alifanya kazi kutwa, leo mkia umekufa, au umenyooka kidogo shinani kisha ukaanguka, na anaguna anapokaa. Wengi huogopa umevunjika. Kwa kawaida ni misuli ya shina la mkia, wenyeji wanauita mkia wa mwogeleaji. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh wa mwaka 2016 kwa labrado uliuhusisha na kuogelea, na kuwa mbwa wa kazi, na kuishi kaskazini zaidi. Mpumzishe, mkaushe, mpe malazi yenye joto. Siku chache hadi wiki, unarudi. Kama anashindwa kukojoa au kunya, miguu ya nyuma nayo imelegea, au mkia una kidonda au uvimbe, huo si mkia wa mwogeleaji. Piga simu.

Anachechemea, au anatikisa kichwa

Mguu: anza chini. Kiganja, kucha, katikati ya vidole, kisha kifundo, ndipo goti. Mwiba na mkato wa waya wa miba ndivyo vinavyoongoza. Mkato mdogo osha kwa maji ya chumvi, funga, pumzisha. Mkato ulioachama, au ulio juu ya kiungo, ushonwe siku hiyohiyo. Kuchechemea kwa mguu wa nyuma kulikoanza ghafla kwa kugeuka kwa kasi huweza kuwa ukano wa goti, na huo hauponi kwa kumtazama.

*Usimpe dawa za watu.* Ibuprofen ni sumu kwa mbwa, na panadoli bila kipimo cha daktari inaweza kumuua.

Kichwa: kuanzia Juni hadi Septemba, mbwa aliyetoka kwenye nyasi kavu na ghafla anatikisa kichwa au kukiinamisha upande mmoja, fikiria mbegu ya nyasi sikioni. Ina umbo la mshale, inaingia na hairudi. Ukiiona imetokeza nje, ivute taratibu. Kama huioni, usimimine mafuta wala dawa, maana huenda ngoma ya sikio imetobolewa. Mbegu hiyohiyo huingia kati ya vidole, ikaacha kijivimbe chenye tundu kinachotoa maji. Spanieli mnyoe manyoya ya miguu na chini ya masikio mwezi Mei. Inakuchukua nusu saa na mkasi.

Anayumba, miguu ya nyuma inakataa, anaanguka

Simamisha kazi. Hakuna "amalizie duru hii".

Kwanza joto, hata siku ambayo wewe umevaa koti. Mbwa anayekimbia anajipika mwenyewe. Ulimi mrefu na mpana, ute mzito, fizi nyekundu sana, macho hayatulii. Joto la kawaida la mbwa ni kama 38.3 hadi 39.2. Likifika 41 ni hatari ya kifo. Mpoze palepale kabla ya kumpakia garini: mwage maji mwilini mfululizo, mpepee, mweke kivulini. Usimfunike taulo lililolowa, linahifadhi joto. Kisha ndiyo safari ya daktari, madirisha yakiwa wazi.

Pili njaa. Spanieli mwembamba aliyekimbia kutwa bila kula anaishiwa sukari, anayumba kama mlevi. Kama anameza vizuri, asali kidogo ulimini, na baadaye chakula. Kama hajitambui, mpake asali kwenye fizi tu, usimtie kitu kooni, na nenda kwa daktari. Kinga yake ni chakula kidogo saa kadhaa kabla ya kazi na vipande vichache mchana. Usimjaze tumbo kisha umkimbize. Mbwa aliyeshiba akakimbia, tumbo likavimba na akawa anajaribu kutapika bila kutoa kitu, tumbo lake huenda limejigeuza. Hiyo inapimwa kwa dakika.

Tatu, labrado kijana mwenye afya anayelegea miguu ya nyuma baada ya dakika tano hadi ishirini za mbio kali, akapumzika, akainuka kama hakuna kilichotokea. Kuna ugonjwa wa kurithi unaofanya hivyo, na jeni yake ilitambuliwa mwaka 2008, kwa hiyo kipimo cha damu au mate kipo. Mbwa wa namna hiyo anaweza kuishi miaka mingi akiwa kipenzi mtulivu, lakini wapo waliofia kazini. Koli nao wana kuanguka kwao, hasa siku za joto: anaduwaa, anavuka miguu, anapinda. Kwao hakuna kipimo cha jeni. Piga video kwa simu, daktari ataifurahia kuliko maelezo yako.

Moyo na kifafa viko mwisho wa orodha kwa idadi, siyo kwa uzito. Mbwa aliyeanguka hata mara moja haendi kazini tena hadi achunguzwe.

Mambo ya kupigia simu bila kuangalia zaidi

Amekunywa kwenye bwawa lenye utando wa kijani wakati wa kiangazi na sasa anatapika au anatetemeka. Teria, yaani mbwa mdogo wa kuwinda panya, aliyekuwa ghalani na panya waliotegewa sumu: sumu hiyo hukaa siku kadhaa kabla damu haijaanza kuvuja kwenye fizi au mkojo, kwa hiyo usingoje dalili. Koli aliyelowa maji ya josho la kondoo, akidondosha mate na kukakamaa, mwoshe huku mwenzio anapiga simu. Uvimbe wa ghafla usoni au mguuni siku ya jua kwenye nyasi ndefu, huenda amegongwa na nyoka wa sumu pekee wa asili wa nchi hii. Mbebe, usimtembeze, usikate wala kufyonza.

Kliniki za wanyama hapa hutakiwa kuwa na mpango wa dharura saa 24, na ujumbe wa simu yao utakuelekeza pa kwenda hata saa tisa usiku. Piga kabla ya kuondoka ili uwakute tayari. Sema uzito wa mbwa, saa iliyoanza, alichogusa, na ubebe pakiti au kopo lenyewe. Kama Kiingereza chako hukiamini ukiwa na hofu, andika hayo manne kwenye karatasi leo, ibandike karibu na kamba ya mbwa.